Alama Themanini

Jokofu la kampuni ya Tamasa hubaki katika nyumba inayolipenda kwa alama themanini au zaidi. Safari iliyopita Sikudhani alipata sabini na tisa, akapewa onyo. Insulini ya binti yake Chiku ilihifadhiwa humo, na nje ya jokofu, kwa joto la Dodoma, isingedumu hata wiki moja.

Kwa hiyo kwa miezi mitatu alijizoeza. Kila asubuhi aliweka kiganja kwenye mlango wa jokofu, akafumba macho na kumfikiria Chiku, siku aliyozaliwa, siku alipocheka mara ya kwanza, mpaka moyo ukaenda mbio.

Leo mpimaji, Bi Mwasiti, alimfunga kipimo mkononi. "Haya shoga, liguse. Mbona unalitazama kama mkwe?"

Aligusa. Jasho lilimtoka. Namba zilipanda, zikasita kwenye sabini na nane, kisha zikaruka.

"Tisini na moja! Hongera. Wapo wasiowapenda waume zao hivyo."

Sikudhani alicheka. Papo hapo Chiku akaingia kutoka shule, akamrukia na kumkumbatia. Kipimo kikalia tena.

Bi Mwasiti alikisoma, kisha akaanza kukifungua. "Sitini na nne kwa mtoto. Usijali, mapenzi huhamia yanapozoezwa. Wateja wetu bora wengi wako hivyo."

"Nipime naye tena," Sikudhani alisema.

"Kwa mtoto hatupimi, mama. Hana alama ya kufikisha."

Mpimaji alipoondoka, Sikudhani alimkumbatia Chiku upya, akausikiliza moyo wake mwenyewe. Ulikuwa unadunda taratibu.