Vita vya Ladislas na Ukungu

Ladislas alifungua mlango wa banda la uyoga, akavuta pumzi, akajua kabla macho hayajazoea giza. Ukungu ulikuwa umerudi. Safu nzima ya juu, mifuko aliyoijaza kwa mikono yake magunzi na majani ya mpunga kutoka kijiji cha Mamba, ilikuwa imegeuka kijani.

Alikuwa ameshachemsha magunzi kwenye pipa mpaka kuni zikamwishia, ameshapaka chokaa kuta zote, ameshawakataza watu kuingia na viatu. Wauza mboga wa sokoni Makanyagio, waliozoea kuusubiri uyoga wake mweupe, walianza kumuuliza kwa upole kama amerudia kilimo cha karanga.

Nyumbani alipiga marufuku neno ukungu. Mke wake Specioza, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya mifugo, alijaribu jioni moja kumweleza kwamba kazini wanatafuta ukungu unaoota kwenye mabaki ya mazao, ule unaotoa maji ya kuua bakteria wanaoozesha viwele vya ng'ombe.

"Mama Annonciata," alisema Ladislas, "tule kwanza."

Tangu hapo hata mchicha aliutazama kwa jicho baya, na Specioza hakuleta tena mezani habari za kazini.

Mtu pekee ambaye msiba ule ulionekana kumnenepesha alikuwa jirani yao Luhende, Msukuma mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Kila mifuko ilipoharibika, alikuja na toroli akiomba kuichukua.

"Mbolea hiyo, ndugu yangu," alisema. "Hakuna cha kutupa."

Mara ya kwanza Ladislas alimshukuru. Baadaye akakumbuka kwamba Luhende hana hata tuta moja la matembele. Tena kila upepo ulipovuma kutoka kwa Luhende, siku chache baadaye banda lilikuwa kijani. Na kiwanja kile cha banda Luhende alishawahi kutaka kukinunua apanue zizi, akakataliwa.

Basi hesabu ikakubali. Jirani anaubeba ukungu mchana, anaulea kwake, halafu anaurudisha na upepo.

Jumamosi asubuhi Luhende alipakia toroli, akaondoka akipiga mluzi. Ladislas akamfuata kwa mbali. Toroli halikwenda shambani wala jalalani. Lilipita zizi, likasimama mbele ya chumba cha uani ambacho dirisha lake lilizibwa kwa kitambaa. Luhende akavua viatu, akapiga hodi taratibu kama anaingia sakristia. Ndani mwanamke akacheka, akamwambia apite upesi.

Ladislas aliijua sauti ile. Asubuhi hiyo hiyo ilikuwa imemuaga, ikisema inawahi kazini.

Uyoga, soko, kiwanja, vyote vikamtoka kichwani. Alisimama uani kwa watu huku ng'ombe wakimtazama, akatamani arudi nyumbani ajifanye hakusikia kitu. Alishindwa. Akausukuma mlango.

Ndani, mke wa Luhende alikuwa amekaa juu ya ndoo akichuja maji ya njano kwa kitambaa cheupe. Luhende alikuwa akiipanga ile mifuko kwenye rafu, kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai, pembeni ya mingine iliyojaa mpaka darini. Humo magunzi yalikuwa yamevaa kijani kibichi, yamenona kama shamba la mpunga lililoshiba mvua. Mezani kulikuwa na visahani vya maabara. Bakteria walikuwa wametanda juu yake kama utando wa maziwa, lakini kila palipokuwa na punje ya kijani walikuwa wamekufa pande zote, pakabaki duara safi.

Specioza alikuwa ameinamia kisahani cha mwisho, amevaa koti jeupe na barakoa. Hakushtuka. Hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mkono tu kuelekea mlangoni.

"Baba Annonciata, funga huo mlango," alisema. "Uyoga wako unaniharibia ukungu wangu."