Jikoni kwa Majken Hakuna Upande

Majken aliposikia viatu vya Ture vikikung'utwa theluji kibarazani, alilikunja gazeti chapuchapu, akalitupa kitini na kulikalia.

"Ingia, mlango uko wazi!"

"Leo hata kunifungulia huwezi?" Ture akauliza, akivua kofia. "Au umezeeka tangu wiki iliyopita?"

"Mzee ni wewe. Kahawa hiyo hapo, jimiminie."

Tangazo lenyewe lilikuwa dogo tu: Jumamosi, ukumbi wa shule, mjini Ludvika, soko la wakusanyaji wa vitu vya kale. Lakini mstari wa mwisho ulimpandisha Majken presha. Kutakuwa na hati za Mkopo wa Ulinzi, za mwaka 1940.

Hati ya namna hiyohiyo ilining'inia ukutani mwake, ndani ya fremu. Mwaka ule majirani wa Sweden walikuwa wamevamiwa au wanapigana, nayo Sweden ikajikalia kando, haina upande, ikakopa kwa raia wake fedha za kulinda mpaka. Baba yao Ture na kaka yake Algot akatoa mshahara wa msimu mzima, akapewa karatasi ile yenye mihuri, akaipenda mno hata asiende kudai pesa zake. Sasa haina anayeilipa. Wanaoitaka ni wakusanyaji tu. Mzee alipofariki, kila mwana akaapa kwamba ameachiwa yeye. Basi nchi nzima ilikwepa vita, karatasi yake ikaja kuvianzisha kijijini: nyumba ya Ture upande huu wa barabara, ya Algot upande ule, na salamu hakuna.

Walikubaliana jambo moja tu. Hati ikae kwa jirani yao Majken, asiye na upande, mpaka ipatikane ya pili kama hiyo. Siku hiyo kila mmoja atachukua yake na ugomvi utakwisha.

Tangu hapo Ture huja Jumanne kuikagua, Algot Alhamisi. Kuikagua ni kufumba na kufumbua. Kahawa na biskuti za aina saba huchukua mchana mzima. Na kwao pale mtu hagongi mlango wa jirani hivihivi, eti nimekuja kukuona. Watadhani umechanganyikiwa. Lazima uwe na shughuli. Majken mjane, hana mtoto, hana hata paka. Hati ikiondoka, nani tena angekuja kukaa naye? Amani? Mungu apishe mbali!

"Alhamisi Algot alikula keki ya lozi," Ture akalalama, akizikagua sahani kwa makini kuliko hati. "Mimi leo siioni. Huko ndiko kutokuwa na upande?"

"Umejuaje? Unatuchungulia kwa darubini?"

Ture akapaliwa na kahawa, akageukia ukutani. "Kioo hiki kina alama za vidole. Bila shaka ni yule mbuzi."

"Mbuzi ni kaka yako."

"Si kwa kupenda kwangu."

Majken alicheka mpaka gazeti likatoa mlio chini yake. Akasingizia kiti.

Jumamosi alipanda basi la kwanza, na kwenye mkoba amebeba pesa zote alizokuwa akiweka akiba kwa ajili ya mashine ya kufulia. Atazinunua hati zote, basi! Nguo atafua kwa mikono hadi Krismasi, potelea mbali. Alijiona kama jasusi. Alicheka peke yake njia nzima, mpaka dereva akamtazama kwenye kioo.

Ukumbini alijipenyeza katikati ya watu. "Samahani! Samahani, baba, sogeza hilo tumbo!" Akafika kwenye meza yenye hati akihema, kofia upande, glavu moja.

"Za Mkopo wa Ulinzi," akamwambia muuzaji. "Nipe zote."

"Pole, mama, umechelewa. Kuna mzee amezizoa sasa hivi, hakubakiza hata moja."

"Mzee gani?"

"Yule pale, mwenye kofia nyekundu."

Ile kofia Majken aliifuma kwa mikono yake. Chini yake alikuwa Ture, amekaa karibu na dirisha la kuuzia kahawa, bahasha nene magotini, uso umemchanua kama wa bwana harusi.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, Algot naye huyo anaingia mlangoni! Sasa watapeana mikono mbele ya watu wote, na Jumanne atakunywa kahawa yake na ukuta mtupu. Machozi yakamtoka. Akajificha nyuma ya makoti yaliyotundikwa karibu yao, ili asionekane akilia hadharani kwa sababu watu wamepatana.

Algot alikwenda moja kwa moja hadi kwa Ture. Hakumpa mkono. Alikaa ubavuni pake, akaumega mkate wa mdalasini uliokuwa mkononi mwa mdogo wake, akautia mdomoni bila hata kuomba.

"Umezipata?" akauliza huku akitafuna.

"Zote. Nilikuwa hapa kabla hawajafungua mlango."

"Vizuri. Zitie sandukuni na zile za mwaka jana. Majken asije akaiona hata moja."

"Kwani mimi mjinga, kaka? Akijua tumepatana, tutakwenda kugonga kwake kwa shughuli gani?"