Kupigwa Kalamu

Mhandisi wa breki alipoitwa juu, sanduku lake lilikuwa limeshafungwa: kikombe, sweta, kikokotoo.

Wakurugenzi watatu ndani ya miezi minne walipanda ngazi zile zile kwenda kwa Mwenyekiti wa kiwanda cha magari, na wote walishuka na sanduku kifuani, midomo kama imeshonwa. Wa tatu alishuka jana, siku moja tu baada ya kupokea ripoti ya mhandisi huyu.

Ripoti ilisema wazi: betri ya gari jipya la umeme ikipata moto, breki zinalegea mteremkoni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja peke yake, "Breki hizi nimezikagua mwenyewe," na sahihi yake. Ndivyo wahandisi wa kiwanda kile walivyofunga kila ripoti.

Ngazini akakutana na mdogo wake, dereva wa majaribio, kofia ngumu kwapani.

"Dada, na wewe umepigwa kalamu?" akacheka. "Basi niachie kikombe."

"Mlimani huendi. Umenisikia?"

"Waandishi wa habari wameshajaa huko! Gari la kwanza lile. Unataka nikajifiche chooni?"

"Breki ni mbovu, wewe!"

"Mie nangoja kibali tu. Mkurugenzi akisaini, natoka."

Hapo moyo ukamtulia kidogo. Mkurugenzi hayupo, na bila sahihi ya mkurugenzi gari halivuki geti. Wamfukuze tu; heri akose kazi kuliko amzike mdogo wake.

Akapanda mpaka ghorofa ya tatu.

Mwenyekiti alikuwa dirishani, anatazama uwanjani. Hakugeuka.

"Afadhali umekuja na vitu vyako. Weka pale."

Pale palikuwa meza ya mkurugenzi. Juu yake kulikuwa na barua ya uteuzi, kuanzia leo asubuhi, yenye jina lake.

"Hongera, Mkurugenzi."

"Kibali sisaini. Kalamu sishiki."

"Kalamu ya nini?"

Mwenyekiti alimsogezea nakala ya kibali, kurasa mbili zilizobanwa pamoja. Wa kwanza ulisema gari ni salama. Wa pili ulikuwa na mstari wake ule mmoja peke yake, na sahihi yake.

Alikimbilia dirishani. Geti lilikuwa wazi. Gari la umeme, hulisikii likiondoka.