Tangazo la Raba

Wimbo uliompa Msumeno jina mjini ni ule aliomwimbia mdogo wake, aliyepigwa na vibaka hadi akafa kwa kukataa kuvua raba zake. Jioni mdogo wake alipouawa, Msumeno alikuwa jukwaani, akishangiliwa.

Sasa kampuni ya matangazo iliutaka wimbo huo ili kuuzia raba mpya, naye alikubali. Hakuambiwa kwamba wangeigiza hata kifo chenyewe.

Studioni, waigizaji watatu walimwangusha sakafuni mwenzao aliyeigiza mdogo wake.

"Mnampapasa kama bibi harusi!" mwongozaji alifoka. "Mpigeni! Nataka damu!"

Wakampiga kweli. Teke likampata mdomoni, na jino likateleza sakafuni likivuta uzi mwembamba wa damu, likatulia kwenye ncha ya raba ya Msumeno. Mzizi wake ulikuwa bado na kipande cha ufizi.

"Kaka," yule wa chini alimwita, akishikilia raba zake kwa mikono miwili. "Waambie waache."

"Safi sana!" mwongozaji alipiga makofi. "Msumeno, ingia uimbe!"

Msumeno aliingia. Alinyanyua stendi ya taa, chuma kitupu, akamtandika nayo mwongozaji kwenye taya. Mwongozaji alianguka kama gunia. Wapigaji wakaruka pembeni.

Akainyanyua tena.

"Kaka, basi!" yule aliyeng'olewa jino alilia, akimtambalia. "Usimuue, kaka!"

Msumeno alimsikia vizuri kabisa, lakini mikono ilikuwa imeshashuka na stendi juu ya mwongozaji.