Magoti ya Klabu

Mchezaji asipoongezewa mkataba hurudisha magoti ya klabu siku hiyohiyo, akarudishiwa yake ya zamani. Ya Sufiani, kiungo wa miaka thelathini na minane, yamo kwenye friji la klabu tangu yasagike, na hayakunjiki tena.

Asubuhi hiyo kamati ilikaa kuamua kama bado anafaa. Adhuhuri aliswali sebuleni, kila sijida ndefu kuliko iliyotangulia. Mkewe, Tausi, alikwisha kununua kiti cha kuswalia, akakificha nyuma ya mlango.

Alipotoa salamu, simu ikaita.

"Klabu hao, Baba Hanifa. Nipokee?"

"Waache kwanza. Sijaswali sunna."

Tangu waoane, Tausi hajawahi kumwona akiswali sunna. Akaifunika simu kwa mto wa kochi.