Gobori la Tundu Jembamba

Risasi ya tatu nayo ilipiga katikati ya ubao, na fundi akatukana.

Gobori hilo alilifua kwa mikono yake, tundu lake jembamba kama kidole cha mtoto, na sifa yake ilikuwa moja tu: halikosei. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza mwanawe. Kijana alikuwa amemuua baba yake mdogo kwa gobori hilo, mchana kweupe, fundi na mdogo wake huyo wakiwa wamesimama bega kwa bega kwenye uzio wa shamba. Alidai alilenga nguruwe, risasi ikapinda. Nani angemwamini? Kesho kesi ilikuwa inasikilizwa.

Askari aliyelileta gobori kwa ruhusa ya hakimu alikuwa amekaa juu ya ndoo, akipiga miayo.

"Kwani alitia nini humu?" fundi alimuuliza mkewe.

"Hakumbuki. Anasema aliokota kitu karakanani, akakishindilia."

"Nikamuulize mwenyewe huko mahabusu."

"Hataki kukuona, baba watoto. Ana aibu."

Fundi alichukua risasi nyingine. Hakuwa mtu wa kubembeleza watoto. Samaki mkunje angali mbichi, alipenda kusema, na mkanda wake aliuita mwalimu mkuu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Alijaribu risasi ya duara iliyofungwa kitambaa. Katikati. Akajaribu iliyochongoka. Katikati. Akakata kichwa cha msumari kwa tindo, akamimina baruti, akakisukuma kwa mdeki, ufito wa kushindilia. Kilipiga chini kidogo, lakini ubaoni palepale. Mkewe aliacha hata kutazama.

Mwisho akachukua goroli ya baiskeli, ndogo mno kwa tundu lile. Akaizibia kwa kipande cha karatasi isidondoke. Alipoinua gobori, goroli iligongagonga ndani ya mtutu.

Mama aliruka. "Hiyo! Aliniambia ilikuwa ikichezacheza humo ndani!"

Fundi alilenga katikati, akafyatua. Ubao haukutikisika. Goroli ilikuwa imezama kwenye nguzo ya ua, hatua nzima kushoto. Akarudia. Nguzo ileile. Akarudia tena, na goroli ikaenda kushoto.

"Mwanangu hakumlenga shemeji!" mama alilia huku akicheka. "Afande, umeona mwenyewe!"

"Nimeona, mama. Na kesho nitasema nilichokiona." Askari alikuwa ameshasimama. Aliutazama ubao, akaitazama nguzo, akarudi ubaoni. Miayo ilikuwa imekwisha. "Hii goroli inakwenda kushoto kila mara. Kwa hiyo kijana alikuwa amelenga kulia kwa marehemu."

"Ndiyo!" alisema mama. "Kwa nguruwe!"

"Mzee, wewe ulikuwepo. Kulia kwake palikuwa na nini?"

Fundi aliliweka gobori chini polepole.

"Mimi," alisema.