Vipele vya Msusi

Muuguzi alishika sindano ya dripu, akangoja msusi aamue.

Msusi alijigusa shavu. Vipele vilikuwa vimetapakaa uso mzima, vingine vimetunga usaha. Wateja wake walishaanza kuhamia saluni ya jirani, wakidhani anaambukiza.

"Wifi, achana na hiyo dripu, mionzi inatosha," alisema wifi yake, machozi yakimlengalenga. "Hata kaka yangu siku hizi anakubusu kisogoni!"

Msusi alicheka, koo likamchoma palepale penye uvimbe.

"Dokta, hebu nieleze tena," alimwambia daktari aliyesimama kando ya muuguzi.

"Saratani yako ina vipokezi, tuseme masikio, yanayosikia amri ya kukua. Dripu inayaziba, ili saratani ikipigwa na mionzi ishindwe kujijenga upya. Ngozi nayo ina masikio hayohayo, ndiyo maana inaumia. Tukiacha dripu, uso utapona, ila mionzi itapigana peke yake."

"Kwa hiyo vipele ni dalili kwamba dawa inafanya kazi?"

"Mara nyingi, ndiyo."

Katika chumba cha pili kulikuwa na barakoa yake ya plastiki, iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake. Baada ya dripu wangeifunga juu ya vipele hivyo na kumbana mezani, asitikisike mionzi ikipita.

Msusi alikunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Dada, tafuta mshipa," akamwambia muuguzi. "Na wewe wifi, acha kulia, nisindikize hadi kwenye ile meza. Leo itauma kwelikweli."